Ulipe Shilingi Ngapi? Mwongozo wa Kusafishiwa Uwanja kwa Mkazi wa Tanga

Masika yakikatika, nusu ya wenye nyumba wa Tanga wanatafuta mtu mwenye fyekeo. Majani yaliyokuwa yanaishia kwenye kifundo cha mguu mwezi wa tatu, mwezi wa sita mbuzi akiingia haonekani. Kijana anabisha hodi getini, anautupia uwanja jicho moja, halafu anatazama nyumba, gari na dishi lililo juu ya paa. Bei atakayokutajia imetoka kwenye hivyo vitatu vya mwisho. Wewe nawe unajibu nusu yake, na nusu hiyo imetoka mfukoni mwako. Mnavutana hapo getini robo saa nzima, na kazi yenyewe hakuna aliyekwenda kuitazama.

Mwongozo huu ni wa kuitazama kazi kwanza. Bei nitakazozitaja ni mizani yangu kwa hali ya sasa ya Tanga na jirani zake, si orodha ya serikali. Zipime na za mtaani kwako, iwe Makorora, Raskazone au Kange.

Kutwa ni kiasi gani

Kila bei ya kazi ya uwanjani, iwe ya kufyeka, kupalilia au kuchimba, mwisho wake inarudi kwenye kutwa. Mtu mzima akitoka kwako jioni, anastahili kurudi kwake na nini? Serikali imeweka kiwango ambacho mtu asishushwe chini yake. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimpa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida, asiyelala kwa mwajiri, shilingi 120,000 kwa mwezi. Amri mpya, iliyoanza tarehe 1 Januari 2026, ilipandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4. Ukiichukua ile 120,000 ukaiongezea asilimia hiyo, unapata 160,000 na ushei. Igawe kwa siku 26 za kazi: ni kama 6,200 kwa siku.

Wapo wanaoishia hapo na kusema elfu sita inatosha, sheria imesema. Wameisoma nusu. Kiasi hicho ni cha mtu ambaye kesho ana kazi na keshokutwa ana kazi, akiugua ana haki zake, na kwa mwaka ana likizo ya siku 28 yenye malipo. Kibarua wa kutwa hana hata kimoja katika hivyo. Mvua ikinyesha mfululizo analala njaa. Jua likikaza, majani hayaoti na hakuna anayemwita. Akipata kazi nusu ya mwezi ni bahati. Kwa hiyo kutwa yake lazima ibebe na siku ambazo hakufanya kazi. Ndiyo sababu nasema kutwa ya haki ndani ya jiji isishuke chini ya 12,000 ikiwa umempa chakula cha mchana cha kushiba, na 15,000 ikiwa anajitegemea. Pangani, Muheza au Mkinga mnaweza kukubaliana pungufu kidogo, hasa kama anatoka nyumba ya tatu na hana nauli. Kama mfuko haufiki huko, fyekesha mbele tu, nyuma pangoje mwisho wa mwezi.

Na kutwa yenyewe si kutoka jua kuchomoza hadi kuzama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa tisa kwa siku na 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Hiyo ni mipaka ya juu. Kwa joto la Januari na Februari hapa pwani, hakuna anayefyeka saa tisa akabaki mzima. Saa sita za kazi ya kweli, zilizoanza asubuhi na mapema, ndizo kutwa. Ijumaa, ikikaribia saa sita mchana, kazi isimame watu waende msikitini. Mwezi wa Ramadhani anza saa kumi na mbili na nusu, saa tano mwache aende, na bei ibaki ileile. Mwenye nyumba anayekata pesa kwa sababu mfungaji ameondoka mapema, kwa Tanga anatafuta jina baya bure.

Kutwa au kipande

Watu wa huku hesabu ya kulipa kwa kipimo wanaijua tangu mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mkonge mwaka 1893, na mashamba yaliyofuata yalijenga utaratibu wa kadi ya kipande. Siku 30 za kazi zilizotiwa alama ndizo zilizofanya mshahara mmoja, na kila siku ilikuwa na kipimo chake. Aliyemaliza mapema alirudi kambini mapema. Aliyeshindwa kumaliza hakutiwa alama, jasho lake likaenda na maji. Uzuri na ubaya wa kulipa kwa kipande vyote vimo humo. Kinampa mtu hamu ya kumaliza, lakini kikipangwa na upande mmoja kinageuka dhuluma, na kazi isiyotaka haraka kinaiharibu.

Basi zigawe. Kufyeka, kupogoa ua wa michongoma, kuchimba shimo la taka, kubeba mchanga: hizi uziane kwa kumaliza, maana jicho la kila mtu linaona zimeisha au hazijaisha. Kupalilia bustani, kupanda ukoka, kuhamisha miche na hasa kung'oa ndago: lipa kwa kutwa.

Ndago nitaielezea zaidi, kwa sababu ndiyo inayokula pesa za watu. Chimbua mche mmoja taratibu kwa ncha ya panga, usiuvute. Chini ya shina utakuta kitunguu kidogo cheusi, kigumu. Hapo unatoka uzi mwembamba unaokwenda hadi kitunguu cha pili, kutoka cha pili hadi cha tatu, mfano wa tasbihi iliyofukiwa. Anayelipwa kwa kumaliza atapitisha jembe juu juu. Uwanja utaonekana msafi jioni ile, lakini uzi umekatwa vipande, na kila kitunguu kilichoachwa kinaota mche wake. Wiki mbili hazipiti utamwita tena. Anayelipwa kwa kutwa, na aliyeambiwa hivyo waziwazi, atachimba kwa uma, atapepeta udongo, atakusanya vitunguu kwenye ndoo. Kwa siku nzima anaweza kumaliza matuta mawili matatu tu. Usinune. Vitunguu hivyo visitupwe jalalani wala kwenye mbolea. Vianikwe juu ya bati mpaka vikauke kabisa, kisha vichomwe.

Zungukeni pamoja

Mazungumzo ya bei yakianzia getini yataharibikia getini. Yaanze hivi:

"Shikamoo, mama. Hapa nipe elfu arobaini."

"Marahaba, mwanangu. Pita kwanza tuzunguke, bei utaniambia tukifika nyuma."

Mnapozunguka, mweleze mambo yafuatayo, na usiyaache eti "anajua". Mpaka wa kazi uko wapi: je, na ule mtaro wa nje ya ukuta umo? Majani yakatwe yakabaki ya vidole viwili, au yaparuliwe mpaka udongo? Hizi ni kazi mbili tofauti, na kuparua kunachukua muda karibu mara mbili ya kufyeka. Fyekeo, reki na toroli ni za nani? Taka zinakwenda wapi? Na kipi kisiguswe? Hili la mwisho lifanye kwa mikono yako: funga kipande cha kitambaa chekundu kwenye kila mche unaoutaka, mkadi uliopanda juzi, mwasumini uliojificha ndani ya magugu, kichipukizi cha mgomba. Kwa mtu aliyeinama na fyekeo, mlimao mchanga hauna tofauti na kichaka kingine chochote.

Sasa hesabu. Chukua kiwanja cha 20 kwa 30, toa nyumba, kibaraza na njia ya gari. Majani yakiwa ya magotini, mtu mmoja mwenye chombo kikali anamaliza kwa kutwa: 15,000. Yakifika kiunoni, au yakichanganyika na mbigili na vichaka vyenye shina gumu, ni kutwa mbili: 30,000. Uwanja ulioachwa mwaka mzima, una mawe na chupa zilizojificha, uongeze kutwa ya tatu. Yule aliyeomba arobaini kwa majani ya magotini amekupandishia. Lakini aliyeomba arobaini kwa pori la mwaka mzima amekupunguzia, na ungemjibu "kumi na tano" ungemdhulumu bila kujua.

Mtazame na fyekeo lake. Lililonolewa lina mstari mweupe unaong'aa kwenye makali, na mwenyewe ana tupa mfukoni. Huyo mpe elfu mbili za ziada bila kuombwa. Anayekuja mikono mitupu na kuuliza kama una panga, kazi yake ni ya bei ya chini, na zana zako zihesabu kabla na baada.

Mwenye mashine ya kukatia majani ni habari nyingine. Anamaliza kabla ya saa tano kazi ya kutwa mbili, na wenye nyumba wengi huona uchungu kumlipa 25,000 kwa saa tatu. Lakini hapo unalipia petroli na oili yake, uzi wa nailoni unaokatika kila ukigusa jiwe, na mashine itakayokufa siku moja. Mkubaliane kabisa kwamba mafuta yamo ndani ya bei; EWURA hutangaza bei mpya kila mwezi, na Tanga ina bei zake, maana mafuta yanashushiwa bandarini hapa. Funga madirisha, ondoa gari, waite watoto ndani. Uzi ule ukirusha kokoto, kioo kimoja kinagharimu kuliko kazi nzima.

Kuchimba kunategemea ardhi. Pembezoni mwa bahari, kuanzia Raskazone hadi vijiji vya Pangani, unaweza kuchimba futi mbili za udongo laini kisha ukagonga mwamba wa matumbawe. Uziane kwa futi, bei moja kwa udongo na nyingine, mara mbili au tatu, kwa mwamba unaotaka sururu na mtaimbo. Ukiuziana shimo zima kwa bei ya udongo, kibarua akikuta mwamba atakukimbia usiku na shimo nusu.

Minazi na miti mirefu

Mkwezi halipwi kwa kutwa. Desturi ya mwambao wote ni kumlipa kwa mnazi, mara nyingi na nazi kadhaa juu yake. Kipimo ninachokiona cha haki ni bei ya nazi moja kubwa sokoni kwa kila mnazi mrefu atakaopanda kuangua, na nusu yake zaidi kama atasafisha na kichwa: kuondoa makuti makavu, makarara na vilifu. Kitamli kifupi kinachoanguliwa kwa ngazi ni nusu bei. Mnazi usio na vidato, ambao lazima akate vidato akipanda, mlipe mara mbili kwa mara ile ya kwanza. Miezi miwili mitatu baadaye atakaporudi, vidato vipo.

Kuna minazi ya kutokupandwa kwa pesa yoyote. Mnazi uliokufa kichwa, uliotobolewa shina au uliolowa mvua ya asubuhi, uache. Mkwezi mzuri atakataa mwenyewe. Ukimwona anasitasita, usimwongezee pesa ili apande. Na gogo la mnazi ulioanguka lisiozee uani. Mdudu chonga anazaliana humo, kisha anahamia kwenye minazi mizima, yako na ya jirani. Kulikatakata na kuliondoa ni kazi inayostahili bei yake.

Miti ya kukatwa kwa chenso ina hesabu ya kinyume: kabla hujauliza unalipa ngapi, uliza kuni na mbao ni za nani. Fundi akichukua magogo ya mwembe mkubwa, bei ya kukata inatakiwa ishuke sana. Wewe ukibaki nayo, lipa kamili. Na akitaka kuyasafirisha, kibali cha mazao ya misitu kiwe juu yake. Tawi linalogusa waya si la fundi wala la kibarua. Waite TANESCO, hata kama itabidi usubiri.

Taka na dawa

Swali la taka ndilo linaloleta ugomvi jioni. Kufyeka ni kazi moja, kukusanya ni ya pili, kuondoa ni ya tatu. Kupakia guta moja au kirikuu moja kuna bei yake mbali, na mwenye chombo si yule mwenye fyekeo. Kabla hujalipia, uliza jirani nani ana ng'ombe. Tanga ni mji wa maziwa. Tangu mradi wa ng'ombe wa maziwa uliosaidiwa na Uholanzi miaka ya 1980, familia nyingi hufugia ndani ya banda, na kila siku lazima mtu atafute majani. Yako yakiwa mabichi na laini, kuna mwenye baiskeli atakayekuja kuyafyeka na kuyabeba bure, na atakushukuru juu yake. Sharti ni moja: yasiwe yamepuliziwa dawa.

Kuhusu dawa ya kuua majani, mimi si shabiki wake kwenye uwanja wa nyumba. Ni rahisi kwa siku ile, lakini wengi wetu tuna kisima uani, kuku wanaparua, watoto wanacheza peku. Ukiamua kupuliza kwenye njia ya mawe, mlipe mtu anayejua kipimo, avae buti, glavu na barakoa, asipulize upepo ukivuma, na uifungie chupa mahali pasipofikiwa.

Kitu kimoja kiingie kwenye kila mapatano: vifuu, makopo, tairi na chochote kinachotuama maji vikusanywe. Mwaka 2019 homa ya dengue ilipozuka nchini, Tanga ilikuwa kati ya maeneo yaliyopigwa, na mbu wake anazaliana kwenye maji machache kama yaliyo ndani ya kifuu. Kwa kibarua ni nusu saa tu. Mwambie mwanzoni, si anapokaribia kuondoka.

Watoto na wa kudumu

Jumamosi utabishiwa hodi na mtoto wa darasa la tano mwenye fyekeo linalomzidi kimo. Ile Sheria ya Ajira ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Kuanzia hapo ni kazi nyepesi isiyoingilia masomo, na kazi ya hatari ni mwiko hadi afike 18. Kupanda mnazi na kushika chenso ni hatari, hakuna ubishi. Mtoto wa jirani mwenye miaka 15 akifagia uani baada ya shule, mlipe kwa kazi, si kwa pipi.

Mtu yuleyule akija kila wiki, hesabu inabadilika. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamdhania mtu kuwa mwajiriwa wako ikiwa amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu. Shamba boi anayekuja Jumatatu na Alhamisi, saa sita kila mara, anazipita. Hapo ana haki ya mkataba wa maandishi, likizo na kima cha chini kwa saa zake, na mkigombana anaweza kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Karatasi moja yenye majina, siku, saa na mshahara, yenye saini mbili, inawatosha wote wawili.

Siku ya kulipa

Kianzio kitolewe kwa kazi ya zaidi ya siku moja tu, na kisizidi theluthi. Kazi ya kutwa haina kianzio. Ina chai na maji ya kunywa. Ikiisha, zungukeni tena njia ileile ya asubuhi. Kilichosahaulika kifanyike kabla hajanawa miguu, siyo kikatwe kwenye hela. Na kazi uliyoiongeza katikati, lile "hebu niondolee na hizi tofali", ilipie. Wengi wanaisahau makusudi.

Lipa siku ileile, taslimu na ikiwa chenji. Hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka kila Mtanga ameisikia msikitini, na bado "njoo kesho" ndiyo kauli inayowakera vibarua kuliko bei ndogo. Ukilipa kwa M-Pesa au mtandao mwingine, weka na ya kutolea. Aliyepatana 15,000 ashike 15,000 mkononi.

Wewe uliye Muscat au London unayetuma pesa nyumba ya wazazi Pangani isafishwe, mpigie kibarua mwenyewe usikie bei kwa sauti yake. Omba picha kabla na baada, zenye kitu kimoja kisichobadilika ndani yake, kisima au mlango. Ndugu anayesimamia mpe chake kando na ukitaje, ili asijichukulie kwenye kutwa ya mtu.

Ukishampata anayekuja saa aliyosema na kuacha mwasumini wako mzima, weka namba yake, mpe siku yake ya kudumu kabla masika hayajaanza, wakati bei bado haijapanda na wengine hawajaamka kumtafuta. Na kila Januari mwongezee kutwa kabla hajakuomba.